Fahari ya Tabibu Ross

Mwanafunzi wangu mmoja wa ualimu aliniuliza, "Mwalimu, mtaalamu akiisha kuzeeka, katika kazi zake zote hujivunia ipi?" Siwezi kuwasemea wataalamu wote. Nilimsimulia habari za mmoja, Ronald Ross, Mwingereza aliyekuwa tabibu wa serikali katika Bara Hindi.

Zamani watu wa Ulaya walidhani ya kuwa malaria hutoka katika hewa ya mabwawa. Hata jina lenyewe, kwa Kitaliani, maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1880 Mfaransa Laveran aliona vijidudu vya homa hiyo katika damu ya wagonjwa. Lakini viliingiaje mwilini? Mwaka 1894, huko London, tabibu Patrick Manson alimwambia Ross kuwa yeye anamshuku mbu.

Basi Ross akarudi Bara Hindi, akapasua mbu kwa muda wa miaka miwili asione kitu, kumbe wengi wao si wa aina inayohusika. Katika mji wa Secunderabad joto lilikuwa kali mno. Jasho lake likazitia kutu skrubu za hadubini, naye hakutaka pepeo, mbu wake wasije wakapeperushwa. Hatimaye akapata mbu wenye madoadoa mabawani. Tarehe 16 Agosti 1897 akawaacha wamwume mgonjwa mmoja, Husein Khan, akimlipa ana moja kwa kila mbu. (Ujira mdogo, naona mimi, kwa kazi kubwa kama hiyo!) Tarehe 20 akampasua mmoja wa mbu hao, akaona katika ukuta wa tumbo lake viduara vyenye vitone vyeusi, sawasawa na vile vya vijidudu vya malaria.

Siku ile hakuisahau maisha yake yote. Alitunga shairi la kumshukuru Mungu, na baadaye akaiita tarehe 20 Agosti Siku ya Mbu. Nami nastaajabu kidogo, maana ushahidi mkubwa zaidi aliupata mwaka 1898 huko Calcutta: aliviona vijidudu vya malaria ya ndege katika tezi za mate za mbu, na mbu hao walipowauma shomoro wazima, shomoro wakaugua. Lakini moyo wake ulibaki Secunderabad, kwenye tumbo la mbu mmoja.

Fahari hiyo ilikuwa na uchungu wake pia. Mwaka huo huo wa 1898 Wataliani, Grassi na wenzake, walithibitisha njia hiyo kwa wanadamu. Ross akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, Grassi hakupewa, nao wakashutumiana kwa miaka mingi.

Hata hivyo hakukaa akitazama tuzo. Tangu mwaka 1899 alikuwa amekwenda Freetown, Sierra Leone, akizunguka mitaani na kuchungulia vidimbwi vya maji, akitafuta viluwiluwi vya mbu wale wale wenye madoadoa, akawahimiza watu kuvifukia.