Ile miti ya mihogo: maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu



Mulituomba tueleze mbele ya wote habari ya ile miti ya mihogo. Sisi wa komite tulitaka tuiandike ndani ya ripoti, mstari mmoja tu, iishe. Mulikataa. Basi tunasema.

Munajua namna tulivyorudi. Tangu meli zilipoanza kutuleta kutoka Kigoma mpaka Baraka, mwaka 2005, wengi wetu tulikuta shamba limekuwa pori. Kambini tulikuwa tunapimiwa unga. Huku unakula ulichopanda. Kwa hiyo wafadhili walipotupa feza za mihogo, haikuwa jambo dogo.

Monitere wa kilimo alikuwa tayari kutupeleka tuone miti ingali shambani, kabla ya kukatwa. Hatukumngoja. Tulienda sokoni kwa sababu bei ilikuwa chini, na feza zilizobaki tulitaka zinunue mabati ya ofisi. Mafungu yalikuwa mazuri, yamekatwa sawasawa, bila jani hata moja. Njo hapo tulianguka. Ugonjwa wa mozaiki unaonekana kwenye majani. Ukishaondoa majani, mti mzima na mti mgonjwa vinafanana.

Mwezi haukuisha, majani yakatoka yamejikunja, yana madoa ya njano. Mama mmoja mjane alikuja kutuambia. Tulimjibu ni inzi weupe tu, kila mwaka wako. Alirudi kesho yake na mche mkononi. Akasema: "Angalieni majani ya chini, yale yaliyotoka kwanza. Ingekuwa ni inzi, ya chini yangekuwa mazima na ya juu ndiyo yangeharibika. Huu ulikuja mgonjwa ndani ya fungu."

Tulimwambia anyamaze, asiharibu jina la chama. Na wiki ile ile tulituma ripoti kwa wafadhili: mihogo inaendelea vizuri. Tuliweka na picha. Ile picha ilikuwa ya shamba la jirani ambaye hata si mwanachama wetu.

Mgeni wa wafadhili alipofika, aliomba kuona shamba la kwenye picha. Tulimzungusha asubuhi nzima, mwisho tukampeleka. Jirani akatoka, akatusalimu vizuri, akauliza: "Leo munaonyesha wageni shamba langu?" Mgeni hakusema kitu. Aliandika tu. Ile haya, bandugu, bado tuko nayo.

Lakini haya yetu ilikuwa ndogo. Kuko familia zilizochimba mizizi kama vidole, zikanunua unga sokoni msimu mzima, na feza hazikuwapo.

Tulijua mutatuondoa. Wengine walisema hivyo, na walikuwa na haki. Yule mama tuliyemnyamazisha ndiye aliyesimama: "Wakiondoka leo, nani atalipa? Wabaki, walipe." Hakusema tumesamehewa. Tuliisikia vizuri tofauti hiyo.

Mukatupa msimu mmoja, na masharti. Feza za mabati zilirudi kwenye mihogo. Hakuna mtu wa komite anayenunua peke yake: yule mama na wanachama wawili wanaangalia miti ikiwa bado na majani. Wafadhili nao walikubali kusaidia tena, ila kwa sehemu mbili, na ya pili inatoka wakishaona shamba kwa macho. Na kila ripoti inasomwa kwenu kabla ya kutumwa. Hilo ndilo linatuuma zaidi, tuseme ukweli. Mara ya mwisho mulibishana nasi mchana wote juu ya neno moja, "vizuri", mpaka tukalifuta.

Miche migonjwa tuliing'oa na kuichoma. Tulipotafuta mingine, mama alikataa shamba moja zima, mwenye shamba akakasirika, tukarudi mikono mitupu siku ile. Shamba la pili alilikubali. Miti yake ndiyo munayoiona kwenye shamba la chama, na mche ukionyesha alama tunaung'oa palepale, hata kama roho inauma.

Familia tisa hazijapata miti yao. Tutawakatia kutoka shamba hilo mvua za Septemba zikianza, majina yao yamebandikwa mlangoni. Ofisi bado inavuja, njo maana leo tumekaa chini ya mwembe. Shamba liko wazi kila siku. Ukipita, inama uangalie majani ya chini, halafu uje utuambie.