Motokaa na Madeni ya Zamani

(Maneno aliyoyasema Mweka Hazina wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imeniagiza niseme juu ya motokaa. Wengi wenu mmekwisha kuniuliza: "Bwana Hazina, nikichukua gari la kukodi niliendeshe teksi jioni baada ya kazi, je, halitanisaidia kumaliza madeni yangu?" Jambo hili si dogo, maana katika tawi letu mtu asiye na deni ni haba kuliko mtu asiye na viatu.

Tuanze na karatasi ya mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamkataza tajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara wako. Tuseme mshahara ni Sh. 60,000. Makato yote, pamoja na kodi ya serikali na mkopo wa Sacco, yasipite Sh. 40,000, zile Sh. 20,000 lazima zikufikie mkononi. Hiyo ni ngao njema. Lakini ngao hiyo hailioni deni la simu, wala deni la duka, wala kodi ya gari, kwa kuwa hayo hayapiti kwa karani wa mishahara. Mtu aweza kuwa salama mbele ya sheria, na huku nyumbani sufuria ni tupu.

Sasa lije gari. Mwenye gari hukwambia, "Kila siku Sh. 1,500 tu, na baada ya miaka mitatu ni lako." Hilo neno "tu" liangalieni sana. Sh. 1,500 kwa siku 30 ni Sh. 45,000, na kwa miezi 36 ni Sh. 1,620,000. Ikiwa gari kama hilo sokoni ni Sh. 900,000, umelipa Sh. 720,000 zaidi. Pengine yafaa, kama huna pesa za kuanzia na hakuna benki itakayokusikiliza. Lakini uijue bei kabla ya kutia sahihi.

Tena petroli ni juu yako. Kampuni ya teksi za simu nayo hukata fungu lake. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka mwisho wa fungu hilo kuwa asilimia 18 ya nauli. Haya, tuseme jioni moja umepata nauli za Sh. 4,000, na hiyo ni jioni ya bahati kwa mtu aliyeanza saa kumi na mbili. Kampuni yachukua Sh. 720, petroli Sh. 1,200, kodi ya gari Sh. 1,500. Zimebaki Sh. 580, na bado hujaosha gari wala kulipa maegesho. Je, bima, matairi na breki ni juu ya nani? Mikataba mingine humwachia mwenye gari, mingine humtupia dereva yote. Someni ile karatasi ya nyuma.

Na gari likilala gereji siku nne, au wewe ukilazwa na malaria, kodi hailali. Siku nne ni Sh. 6,000. Kwa faida ya Sh. 580 utafanya kazi zaidi ya jioni kumi kuzirudisha tu. Hapo ndipo mtu hukopa kwa simu ili alipe kodi ya gari alilolichukua ili alipe deni la simu.

Neno jingine. Kununua kwa haya-pachesi si sawa na kukodi. Haya-pachesi ina sheria yake, Sura ya 507: kwa magari yasiyopita bei iliyowekwa na sheria hiyo, ukiisha kulipa theluthi mbili za bei yote, muuzaji hana ruhusa ya kukunyang'anya gari bila kwenda kortini. Mkataba wa kukodi mtupu hauna kinga hiyo. Waweza kulipa miezi 30, ukakwama wa 31, na injini ikazimwa kutoka ofisini kwa chombo walichokificha garini.

Ukikwama hivyo, na mkopo wa Sacco hukwama nyuma yake, na akiba zinazoshikwa si zako peke yako. Ni za mdhamini wako, huyu mnayekaa naye benchi moja hapa leo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na najua wengine hawataupenda. Deni la simu la Sh. 10,000, kama ada yake ni asilimia 8 kwa siku 30, linakula Sh. 800 kila mwezi. Deni kama hilo katika Sacco, kwa asilimia moja kwa mwezi, ni Sh. 100. Mwenye kulimaliza lile la simu amepata faida ya Sh. 800 bila kuchoma petroli hata tone. Gari na lingoje. Likija, hesabuni siku 22 za mapato kwa siku 30 za kodi. Hesabu ikikubali hivyo, chukueni.

Aliye na mkataba mkononi asitie sahihi bado. Aje ofisi ya tawi Jumamosi saa nne asubuhi, alete karatasi za mshahara za miezi mitatu na orodha ya madeni yote, hata yale ambayo mama watoto hajaambiwa. Tutaketi wawili, mlango umefungwa.