MAZUNGUMZO KWA WAPANDA PIKIPIKI: SIMU ZA UPEPO KATIKA NJIA YA MISAFARA YA TABORA




Mazungumzo haya yanawahusu wananchi wa Visiwa wanaokusudia kuvuka bahari na pikipiki zao na kuifuata, kwa makundi, njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji.

Njia hiyo si ngeni kwa watu wa Unguja. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Unguja walijenga nyumba zao Kazeh na Kwihara, katika nchi ya Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa baina ya bara na pwani. Inafaa pia ikumbukwe kwamba humo humo walipitishwa watu waliotiwa utumwani. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, hakufika Kwihara hadi mwezi wa Juni.

Msafara wa watu mamia ulikuwa mrefu, na wa mbele hakumwona wa nyuma. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Kirangozi alitangulia na bendera nyekundu, ngoma ikimfuata, na barghumu ikapigwa ili sauti iwafikie waliokuwa mbali. Penye njia panda aliziba njia isiyofuatwa kwa tawi la mti au mstari uliochorwa chini. Yote hayo yalimlinda mtu mmoja, naye ni yule wa mwisho, mgonjwa au mchovu, ambaye akiachwa porini huenda asionekane tena.

Hatari hiyo haijaondoka. Katika misitu ya miombo ya Tabora, mwenye pikipiki akipasukiwa na mpira au akianguka, wenzake walio mbele huweza kwenda mwendo mrefu bila ya kujua. Simu ya mkononi hutegemea mnara, na mnara huweza kuwa mbali. Simu ya upepo haitegemei mnara, kwani chombo huzungumza na chombo.

Hata hivyo, chombo peke yake hakitoshi. Mambo yafuatayo yanatakiwa yazingatiwe:

Kwanza, ruhusa. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa ya redio hutumiwa kwa leseni. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo inayotoa leseni hizo, Bara na Zanzibar. Chombo kilichonunuliwa ng'ambo huweza kuwa kimepangwa katika masafa yanayotumiwa na wengine hapa nchini, hata na vyombo vya usalama au uokozi.

Pili, ufungaji. Spika ndogo hutiwa ndani ya kofia ngumu, bila ya kuziba masikio yote, na kipaza sauti huwekwa karibu na mdomo kikiwa kimefunikwa sifongo ili upepo usivume ndani yake. Kitufe cha kuzungumzia hufungwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umeshika eksileta na breki ya mbele. Umeme ukitolewa katika betri ya pikipiki, lazima upite katika fyuzi. Waya wa kofia uwe wa kuchomoka wenyewe, ili anayeanguka asining'inizwe nao.

Tatu, upangaji. Vyombo vyote viwekwe chaneli moja na toni moja. Chombo kinachosubiri toni ambayo wengine hawaitumi kitanyamaza kimya, na mwenyewe atadhani hakuna anayesema.

Nne, majaribio. Chombo cha mkononi cha wati 5 hufika kilomita chache tu, na vilima na miti huzidi kupunguza. Kabla ya safari, mmoja abaki na mwengine aende akizungumza mpaka sauti ikatike. Hapo ndipo penye mpaka, na kundi lisiachane kufikia umbali huo.

Tano, adabu ya kusema. Anayebonyeza kitufe hasikii, na wawili wakisema pamoja hapana anayefahamika. Maneno yawe machache: shimo, ng'ombe, lori, simama. Asemaye ajitaje, na aliyesikia ajibu. Soga ziachwe mpaka kituoni, kwani akili ya dereva ni ya barabara.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mkongwe wa safari awekwe mwisho, na kiongozi amwite kila baada ya muda waliokubaliana. Asipojibu, kundi lote lisimame pembeni mahali pa salama, na wawili warudi kumtafuta. Ukimya usichukuliwe kuwa ni betri iliyokwisha mpaka mwenyewe aonekane kwa macho.

Barghumu ya kirangozi ilipigwa kwa ajili ya aliye nyuma. Simu ya upepo nayo iwe hivyo hivyo, na msafara uhesabiwe kuwa umefika Tabora siku atakapofika wa mwisho.