Baiskeli ya Viti Viwili
(Hotuba kwa vijana wa usharika, wakati wa maandalizi ya Jubilei ya Miaka Mia Moja)



Nimeombwa niseme machache juu ya mabinti zetu wawili wanaojiandaa kusafiri kwa baiskeli moja kutoka Matema hadi Mbeya. Nyote mnajua kwamba mmoja wao haoni. Mnayajua pia maneno yanayosemwa, kwamba mwenye macho atataabika bure kumbeba mwenzake. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali kusimama hapa, kwa kuwa chanzo chake ni kutokuifahamu baiskeli yenyewe.

Sisi wa Kyela tumezoea abiria wa baiskeli. Nchi yetu ya pwani ya ziwa ni tambarare, na mtu hukalia karia, miguu ikining'inia, akafikishwa sokoni Ipinda au mpakani Kasumulu bila kutoa jasho. Baiskeli ya viti viwili sivyo ilivyo. Wa nyuma naye ana pedali, na kwa kawaida minyororo huunganishwa hata miguu ya wote wawili ikazunguka pamoja. Mmoja akisimamisha miguu, ya mwenziwe nayo husimama. Wa mbele ameshika usukani na breki. Wa nyuma ana nguvu zake, na penye mwinuko nguvu ndizo zitakiwazo. Katika mashindano ya Paralimpiki, wasioona hushindana kwa baiskeli za namna hii, rubani mwenye macho akiwa mbele, na medali hupewa wote wawili.

Mwinuko tunao wa kutosha! Ziwa letu liko takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu imelipita kwa meta elfu moja hivi, na barabara huendelea kupanda hata kupita meta 2,000 kabla ya kuteremka Uyole. Misafara ya Tour d'Afrique, iliyoanza mwaka 2003, ikitoka Cairo kwenda Cape Town, imekuwa ikija kwetu kutoka Mbeya kuelekea daraja la Songwe. Wageni wale huteremka. Mabinti zetu watapanda.

Wako wanawake wawili wa Uingereza, Cat Dixon na Raz Marsden, marafiki waliokwisha kupita umri wa miaka 50. Waliondoka Oxford mwezi Juni 2019 kwa baiskeli ya viti viwili, wakaizunguka dunia, wakarudi tarehe 18 Machi 2020, siku ya 263. Rekodi iliandikwa kwa majina yote mawili.

Basi, wanangu, jifunzeni kwanza kusema. Wewe wa mbele, wa nyuma hajui kuwa kuna tuta mpaka umwambie. Mwambie mapema, wala usingoje aumie mgongo. Mwambie unapotaka kupunguza mwendo, unapopinda, unapoacha kukanyaga. Nawe wa nyuma, masikio yako yatalisikia lori linalokuja nyuma kabla ya mwenzako kugeuza shingo. Useme kwa sauti. Ukichoka, sema pia. Kunyamaza kwa heshima kutawaangusha nyote.

Kuondoka nako kuna utaratibu wake: wa mbele asimame imara, miguu yote chini, breki zimeshikwa, ndipo mwenzake apande. Fanyeni hivyo mara nyingi uwanjani kabla ya kuingia barabara kuu. Wakati wa kurudi, msiachie mteremko wa Tukuyu. Uzito wa watu wawili huongeza mwendo upesi, na breki zikishikwa mfululizo hupata moto kiasi cha kuweza kupasua mpira. Simameni, zipoe, mnywe maji.

Mvua zetu za Machi hadi Mei mnazijua, ngojeni zipite. Pampu, gundi na viraka achukue wa nyuma. Kwa kutafuta mwiba ndani ya tairi, vidole vyake vimekwisha kuzoea kazi ambayo sisi tungehitaji tochi.