Mbarika Mwekundu, Mbarika wa Kijani: Sumu Ni Ile Ile

Leo tutazungumza kuhusu mti unaoota nyuma ya nyumba na kwenye viwanja vitupu, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe. Huo ni mbarika. Wengine huuita mbono, na ndugu zetu wa Tanzania huuita mnyonyo.

Mbarika una sura nyingi. Kuna wenye shina na majani ya kijani, na kuna mwekundu unaokaribia zambarau, ambao wengine huupanda uani uwe pambo. Kuna mfupi, na kuna unaopita paa la nyumba. Matunda ya mmoja yana miiba laini, ya mwingine hayana. Mbegu huwa kubwa au ndogo, za kahawia, nyekundu au kijivu, zenye madoadoa mfano wa kupe aliyeshiba.

Kwa sababu hiyo, huenda umesikia mtu akisema, "Huu wa kijani ni wa dawa, ule mwekundu ndio wenye sumu." Mwingine atakuambia kinyume chake. Mama, usimsikilize yeyote kati yao. Yote ni mti wa aina moja. Ni kama watoto wa tumbo moja: mmoja mweusi, mmoja maji ya kunde, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kila mmoja amerithi yake kutoka kwa wazazi. Mbarika nao hurithi vivyo hivyo. Upepo hupeleka chavua kutoka mti huu hadi ule, na mbegu zikiota, sura huchanganyika. Tena asili ya mti huu ni huku kwetu Afrika Mashariki, ndiyo maana tunaiona mibarika ya kila namna.

Hata hivyo, kijani kwa chekundu, mbegu zote hurithi sumu iitwayo risini. Kiasi chake hutofautiana mti kwa mti, lakini huwezi kukijua kwa kutazama rangi ya shina wala ukubwa wa mbegu.

Mtoto huvutiwa na mbegu hizi kwa kuwa zinang'aa kama shanga. Akimeza mbegu nzima, ganda gumu huenda likaizuia sumu. Akiitafuna, sumu hutoka. Mbegu chache zilizotafunwa zaweza kumuua mtoto.

Dalili huanza baada ya saa chache, na pengine huchelewa zaidi ya saa kumi. Mtoto huumwa na tumbo, hutapika na kuharisha, mara nyingine damu. Maji humwishia mwilini, kisha figo na ini huweza kuharibika.

Ukimkuta mtoto ametafuna mbegu, fanya hivi:

Kwanza, mtoe zilizobaki mdomoni na umsukutue.

Pili, usimtapishe, wala usimpe dawa yoyote ya nyumbani.

Tatu, mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza. Ukiwa Likoni, usianze kupanga foleni ya feri. Nenda kwanza Hospitali ya Likoni. Ukiwa Changamwe, Port Reitz i karibu. Ukiwa Kisauni, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Nne, chukua mbegu zilizobaki na tawi la mti, ili daktari ajue ni sumu gani. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa risini mwilini. Mtoto huongezewa maji kwa mshipa na kuangaliwa kwa karibu, kwa hivyo kuwahi ndiko kunakookoa.

Na mafuta ya mbarika je? Yale yaliyotengenezwa vizuri kiwandani hayana risini, kwani sumu hubaki kwenye makapi. Lakini ni dawa kali ya kuharisha. Usimpe mtoto mchanga. Nawe mjamzito, usiyanywe ili kuharakisha uchungu. Yaweza kukuletea uchungu kabla ya wakati. Mbegu za kusaga mwenyewe nyumbani, usizinywe kabisa.

Leo ukimaliza kazi, zunguka nyumba yako. Ukikuta mbarika mahali watoto wanapochezea, kata vishada vya matunda kabla havijakauka na kupasuka, uvifukie mbali, kisha unawe mikono. Mwambie na jirani yako afanye hivyo.