Njia ya Kufikia Mlango wa Jirani
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani)



Nimeombwa niseme juu ya haki, nami nimechagua kusema juu ya kokoto, saruji na kile kipande cha ardhi kilichopo kati ya mlango wa nyumba na barabara. Msishangae. Mtu atumiaye kiti cha magurudumu akishindwa kukivuka kipande hicho, haki nyingine zote tunazomtangazia humkuta amefungiwa ndani. Hapigi kura, haendi zahanati, sokoni wala kanisani isipokuwa abebwe. Na lililo zito zaidi, haendi hata chooni mpaka apite mtu wa kumsaidia. Mtu mzima anayelazimika kungoja mikono ya wengine ili atoke nje ya nyumba yake mwenyewe hayuko huru, hata kama jamaa zake wanampenda sana.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo yadai majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Lakini sheria hiyo haileti fundi katika uwanja wa mtu binafsi. Hapo wajibu umebaki kwa familia na majirani, yaani kwetu sisi. Aghalabu twachanga fedha, twanunua kiti, twakikabidhi kwa nyimbo na picha, kisha twaondoka. Baada ya mvua ya kwanza kiti chakaa pembeni mwa sebule, kimetundikwa nguo. Nathubutu kusema kwamba mchango wa namna hiyo umemnufaisha mtoaji kuliko mpokeaji.

Basi, kabla ya kushika jembe, aulizwe mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye kama njia ya chooni yatakiwa kabla ya njia ya barabarani, na mikono yake ina nguvu kiasi gani. Kipimwe pia chombo anachotumia, kwa maana baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono huhitaji nafasi kubwa kuliko kiti cha kawaida. Kwa kiti, upana wa njia usipungue sentimita 90. Ukifika 120 ni bora zaidi. Mbele ya mlango pawepo mahali tambarare, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, ili aweze kusimama, kufungua mlango na kugeuka bila kurudi nyuma kwa kasi.

Jambo linalowashinda mafundi wetu wengi ni mteremko. Hukuta ngazi mbili, wakamwaga zege juu yake, wakasema kazi imekwisha. Matokeo yake ni kilima ambacho mwenye kiti hawezi kukipanda peke yake, na akishuka huenda akaanguka kifudifudi. Kanuni inayokubalika ni hii: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iende mbele sentimita 12. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja ni sentimita 30. Kwa hiyo mteremko utakuwa na urefu wa mita 3 na sentimita 60. Ikiwa uwanja ni mfupi, njia na ipinde, na penye kona pawekwe sehemu tambarare ya kupumzikia. Kupima si kazi ngumu: mpira mwembamba unaong'aa, ukijazwa maji, huonyesha usawa wa ncha mbili kwa uhakika, nao bei yake ni ndogo.

Sasa gharama. Si lazima njia yote iwe ya zege. Sehemu iliyo tambarare yaweza kutengenezwa kwa moramu iliyoloweshwa kidogo na kushindiliwa sawasawa, tabaka kwa tabaka, mpaka kisigino kisiache alama. Kokoto zisizoshikamana zisitumike hata kama zatolewa bure, maana magurudumu madogo ya mbele huzama humo. Saruji iwekwe pale tu ambapo haina mbadala: kwenye mteremko, mlangoni, na mahali maji yanapokatiza. Ule mteremko wa mita 3 na sentimita 60, pamoja na sehemu tambarare ya mlangoni, ukijazwa mawe na vipande vya matofali chini na zege ya unene wa sentimita 7 hadi 8 juu, hautahitaji zaidi ya mifuko minne au mitano ya saruji ya kilo 50. Mawe, mchanga na nguvu za mikono jumuiya inaweza kuvitoa. Uso wa zege usilainishwe kwa mwiko. Upigwe ufagio ungali mbichi, ili usiteleze. Kingoni pajengwe ukingo mdogo wa kuzuia gurudumu lisitoke. Kisha zege imwagiwe maji siku saba. Hapa ndipo tunapokosa subira.

Adui mkubwa ni maji ya mvua. Njia ilalie upande mmoja kidogo sana, sentimita mbili kwa kila mita ya upana, na mfereji uchimbwe upande wa juu, la sivyo masika moja yatageuza kazi yenu kuwa korongo.

Wako pia wapangaji. Hao hawawezi kujenga bila idhini ya mwenye nyumba, na viongozi wa jumuiya ndio wanaofaa kwenda kuzungumza naye, kwa kuwa mpangaji huogopa kufukuzwa. Akikataa zege, mteremko wa mbao unaoweza kuondolewa utafaa kwa muda, mradi uwe imara na kipimo kile kile cha 12 kwa 1 kifuatwe.

Kazi ikimalizika, mwenye kiti apite peke yake, huku wengine wakiwa karibu bila kumsukuma. Akikwama mahali, pavunjwe na kurekebishwa kabla mafundi hawajaenda zao. Na katika daftari la jumuiya yaandikwe majina ya watu wawili watakaoikagua njia hiyo na kuzibua mfereji kila baada ya mvua kubwa.