Jasho la Fundi wa Cherehani

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama, Kahawa Sukari)



Mtastaajabu kuona watu wa reli wamesimama kunena habari za cherehani. Kazi yetu sisi ni nyundo, koleo na mataruma, katika njia iendayo Ruiru na Thika. Lakini tuna kosa la kuungama, na kosa hilo tulilitenda hapa hapa Kahawa Sukari, kwa fundi ambaye kibanda chake twakipita kila jioni tukitoka kazini.

Mwenzetu mmoja alikuwa karibu kuoa. Sisi watano tukaona si vizuri kumsindikiza na makoti ya mitumba yasiyolingana, tukaenda kwa fundi tushonewe suti. Tulirudi kwake mara nyingi, na kazi yake tuliiona kwa macho yetu. Tangu hapo hatusemi tena kwamba fundi wa nguo hukaa tu kivulini.

Kwanza ni kupima. Alipitisha utepe kifuani, kiunoni, mabegani na miguuni, na kila hesabu akaiandika daftarini. Tena alitutazama jinsi tunavyosimama. Wengi wetu bega moja limeshuka kwa kubebea vyuma. Fundi akatuambia kwamba koti likikatwa sawasawa pande zote mbili, mwilini mwetu litalala upande. Koti la dukani limekatwa kwa ajili ya mtu asiyekuwako. La kupimiwa limekatwa kwa bega lako wewe.

Pili ni kukata. Alitandaza kitambaa mezani, akachora kwa chaki, akaacha nafasi ya mshono na akiba kidogo ya kuachia siku mtu akinenepa. Hapo hapana mchezo. Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi kuwa kizima, na hasara ni ya fundi.

Tatu ni kupiga bandi, yaani nyuzi za muda za kushikiza vipande, ili mwenye nguo aje ajaribu. Siku hiyo koti halina kola, na pengine lina mkono mmoja. Sisi tulichekana. Lakini ndipo makosa huonekana na kusahihishwa kabla cherehani haijapita. Kisha kuna kazi isiyoonekana: kifuani, kati ya kitambaa na bitana, hutiwa kitambaa kigumu ili koti lisilegee. Kila mshono hupigwa pasi kabla ya kushona mwingine juu yake. Umeme ukizimika, huwasha pasi ya mkaa na kuendesha cherehani kwa mguu. Mwisho ni matundu ya vifungo, na macho huuma.

Basi, usiku wa kuamkia harusi taa ya kibanda kile haikuzimwa. Asubuhi tukavaa, tukapendeza, watu wakauliza tumeshonewa wapi. Tulikuwa tumelipa nusu. Nusu ya pili tukamwambia, "Fundi, ngoja mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ulipofika, tulipita upande wa pili wa barabara. Mwezi uliofuata vile vile.

Siku moja tukakuta kufuli mlangoni, wala si kufuli lake. Mwenye kibanda alikuwa amefunga kwa ajili ya kodi, na cherehani imo ndani. Kumbe zile fedha za kwanza zote zilikwenda katika kitambaa, bitana, vifungo na ujira wa kijana aliyemsaidia. Kijana alilipwa kwanza. Zile tulizozikalia sisi ndizo zilizokuwa mshahara wa fundi mwenyewe. Ndugu zangu, mshahara wetu ukichelewa wiki moja tu, kelele zetu husikika mpaka Nairobi. Na sisi hao hao tulikalia mshahara wa mfanyakazi mwenzetu miezi miwili!

Tulichanga siku ile ile, tukalipa deni lote na kodi ya mwezi mmoja juu yake, kufuli likatolewa. Hatusemi haya ili tusifiwe. Fundi alizipokea fedha, akazihesabu, akasema, "Siku nyingine, lipeni kabla ya kuvaa." Hayo ndiyo maneno tuliyokuja kuwaletea.

Washonaji si wageni katika vyama vya wafanyakazi. Tarehe 1 Mei 1949, ilipoundwa East African Trades Union Congress, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu, chama cha washonaji kilikuwamo katika vyama vilivyoiunda. Viongozi hao wawili walikamatwa Mei 1950, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Watu hao waliteseka ili jasho la mfanyakazi liwe na bei.

Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mwajiriwa anayelipwa kwa idadi ya kazi alizofanya alipwe kazi ikiisha au mwisho wa mwezi, siku itakayotangulia. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia katika chama. Kijana anayeshona vifungo kibandani naye yumo humo. Lakini je, fundi mwenyewe? Yeye hana bwana mmoja wa kumdai mbele ya afisa wa kazi. Bwana zake ni sisi wateja, mmoja mmoja, na kila mmoja ana udhuru wake.

Wengine watasema, "Koti la mitumba ni rahisi zaidi." Ni kweli. Lakini ushonaji wa koti lile ulikwisha kulipwa zamani na mtu wa ng'ambo. Hili la fundi, wa kulipa ni wewe.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, mwanachama akipimwa nguo alipe nusu, na nusu ya pili siku ya kuichukua, kabla haijatoka kibandani. Pili, bei na siku ya kumaliza viandikwe katika karatasi mbili, moja ya fundi na moja ya mteja. Tatu, mafundi nao waache ile "njoo kesho" isiyokwisha. Kama kazi ni nyingi, na waseme mapema.

Hatuwezi kudai haki mbele ya wakubwa, halafu tumnyime haki fundi kwa kuwa hana wa kumsemea. Dawa ya deni ni kulipa.